Ufunguo Si Idhini

Katika miji yetu ya leo, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi, Arusha na mingineyo, ni nadra mtu kupata nyumba ya kupanga pasipo kupitia mkononi mwa dalali, na ni nadra zaidi mtu huyo, akiisha kumpata dalali, kumwuliza swali ambalo ingefaa litangulie mbele ya maswali mengine yote: nani amekutuma, na amekutuma kufanya nini? Maswali yetu ni mengine kabisa. Twauliza maji yanatoka siku ngapi kwa juma, umeme una luku ya peke yake au ni wa kuchangia, kodi ni ya miezi mitatu au sita, gari linafika mlangoni au linaachwa barabarani. Na dalali huyajibu yote kwa ufasaha, maana nyumba anaijua na ufunguo anao. Ndipo fedha zihesabiwapo. Baada ya siku chache hutokea mtu wa pili mwenye ufunguo wake na stakabadhi yake, na nyuma yake wa tatu, na mwenye nyumba apigiwapo simu huapa kwamba hakupokea hata senti, wala hamtambui hata mmoja wa hao waliosimama barazani na magodoro yao.

Mambo haya aghalabu huandikwa magazetini kuwa ni habari za utapeli, na utapeli upo, wala sina nia ya kuuombea radhi. Lakini nyuma ya utapeli ipo masala ya sheria isiyozungumzwa sana, nayo ni hii: aliyezichukua fedha akiisha kutoweka, hubaki watu wawili, mpangaji aliyelipa na mwenye nyumba ambaye hakupokea, kila mmoja akijiona kuwa ndiye mdhulumiwa, na kwa kuwa mhalifu hapatikani, au akipatikana hana kitu, hasara haina budi kumwangukia mmoja kati ya hao wawili. Imwangukie nani? Jawabu hutegemea upeo wa idhini aliyokuwa nayo dalali. Na rai yangu ni kwamba sheria ya uwakala tuliyo nayo yaweza kulijibu swali hilo vizuri kuliko tunavyodhani, ila desturi zilizoota sokoni, na hasa ile ya mpangaji kumlipa dalali ilhali dalali ametumwa na mwenye nyumba, zimeisonga sheria hata hapana ajuaye kwa yakini dalali ni mtu wa nani.

Tanzania Bara sheria hiyo imo ndani ya Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyotungwa kwa kuifuata kwa karibu sana Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza walikuwa wameivusha bahari na kuitumia katika nchi zetu tangu zama za ukoloni. Kenya iliiacha njia ya India wakati huohuo ikashika sheria ya Kiingereza. Lakini katika mlango wa uwakala njia hizi mbili haziachani mbali. Zote zakubali kwamba mtu aweza kuwa wakala wa mwingine bila ya karatasi, bila ya ujira, na hata bila ya neno kutamkwa, maadamu vitendo vya wahusika vyaonyesha hivyo. Na zote zasema kuwa aliyepewa idhini ya kufanya jambo amepewa pia idhini ya kufanya kila tendo la halali lililo la lazima ili jambo lile litimie. Maneno haya ni mepesi kuyasoma na mazito kuyapima. Mwenye nyumba akimwambia dalali amtafutie mpangaji, je, kutia sahihi mkataba ni tendo la lazima katika kutafuta? Na kuzipokea kodi za miezi sita, je, ni sehemu ya kutafuta, au ni kazi nyingine mbali?

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake bado husomwa na mawakili wetu, zililishughulikia jambo hili mapema. Katika kesi ya Hamer dhidi ya Sharp ya mwaka 1874 ilihukumiwa kuwa dalali aliyeagizwa kutafuta mnunuzi hana uwezo wa kutia sahihi mkataba wa kuuza. Mwaka 1892, katika Chadburn dhidi ya Moore, hukumu ikafuata njia ileile. Na ilipofika mwaka 1900, katika Rosenbaum dhidi ya Belson, mahakama ikapambanua kwamba aliyeagizwa waziwazi kuuza yuko katika daraja nyingine, na huyo aweza kumfunga mwenye mali kwa sahihi yake. Kwa hiyo dalali wa nyumba ni wakala wa namna ya pekee: jina la wakala analo, lakini nguvu iliyo kubwa kuliko zote katika uwakala, nayo ni nguvu ya kumfunga aliyemtuma, aghalabu hana. Kazi yake ni kukutanisha. Hapo ndipo idhini yake inapoanza, na katika hali nyingi hapo ndipo inapokoma, isipokuwa mwenye mali awe ameiongeza kwa tamko au kwa vitendo.

Kwa upande wa fedha, kesi iliyo mashuhuri ni ya Sorrell dhidi ya Finch, iliyoamuliwa mwaka 1976 na Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Dalali alipewa nyumba aitafutie mnunuzi, akapokea arbuni kutoka kwa watu kadhaa kwa ajili ya nyumba hiyohiyo moja, kisha akatokomea nazo. Na mmoja wa walioliwa fedha zao akamdai mwenye nyumba. Malodi walimkatalia. Hoja yao ilikuwa kwamba kabla ya mkataba kufungwa arbuni ile bado ni ya mnunuzi, ambaye yu huru kuitaka irudi saa yoyote, na mwenye nyumba hana haki ya kuigusa. Basi itasemwaje kwamba ilipokewa kwa niaba ya mtu asiye na haki nayo? Lord Denning alikuwa ametoa rai kama hiyo miaka michache kabla, akiwa peke yake kinyume cha majaji wenzake, na sasa wakubwa wake wakamthibitishia. Hukumu hii, kwa mtu apendaye mantiki, inapendeza; lakini kwa mtu aliyetoa arbuni yake haikuacha kitu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1979, Bunge la Uingereza likatunga Sheria ya Mawakala wa Nyumba, ambayo yasema kwamba fedha za mteja zilizo mkononi mwa dalali ni amana, nazo zikae katika akaunti iliyotengwa na fedha zake mwenyewe.

Je, hukumu hiyo ya Malodi ikiletwa Kariakoo au Kisauni ikubaliwe kama ilivyo? Mimi nasita. Katika uuzaji wa nyumba nchini Uingereza mnunuzi huwa na wakili wake wa sheria na mwenye nyumba na wake, hao wawili wakiandikiana barua, na dalali yu kando. Kwetu, katika nyumba za kupanga, mpangaji mara nyingi hamwoni mwenye nyumba kabla ya kulipa, na jambo hili halitokei kwa bahati. Dalali humficha mwenye nyumba kwa kusudi, namba yake ya simu haitoi na jina lake halitaji, kwa sababu anachelea kurukwa, yaani pande mbili zikutane nyuma ya mgongo wake na kupatana, naye akose ujira wa jasho lake na wa viatu alivyovimaliza vichochoroni. Hofu hiyo ina haki yake, maana kurukwa kupo na ni dhuluma. Lakini mwenye nyumba naye huiridhia hali hiyo, kwa kuwa yamwondolea usumbufu wa kupigiwa simu na watu asiowajua. Huwagawia funguo madalali wanne watano wa vijiwe mbalimbali, akawaambia kwamba atakayewahi ndiye, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Mtu aliyejisitiri kwa hiari yake nyuma ya watu wengine hawezi, siku ya hasara, kujitokeza na kusema kwamba watu hao hawakuwa kitu kwake.

Sheria ya Mikataba yampa hakimu nafasi ya kulizingatia hilo, maana ina kifungu kisemacho kwamba wakala akitenda nje ya idhini yake, aliyemtuma atafungwa na tendo hilo ikiwa kwa maneno au kwa mwenendo wake aliwatia watu wengine katika kuamini kuwa idhini ilikuwapo. La kupimwa hapa ni mwenendo. Ufunguo peke yake, kwa maoni yangu, hautoshi: fundi bomba hupewa ufunguo, na mpaka rangi pia, wala hapana adhaniye kwamba wamepewa ruhusa ya kupangisha. Lakini ufunguo ukifuatana na desturi ya mwenye nyumba kuzipokea kodi kwa mkono wa dalali yuleyule mwaka hata mwaka, ukifuatana na kitabu cha stakabadhi alichomwachia, ukifuatana na ukimya wake pale mpangaji wa zamani alipomwambia kwamba kodi amempa fulani, mambo hayo yakikusanyika yamekuwa tamko, hata kama mdomo haukufunguka, na hakimu atakayemwambia mwenye nyumba huyo aibebe hasara hatakuwa amemwonea. Kinyume chake, mpangaji aliyekutana na kijana kijiweni asubuhi, akaonyeshwa nyumba adhuhuri, akamkabidhi kodi ya mwaka mzima alasiri kwa kuvutiwa na bei iliyo chini mno kuliko ya mtaa ule, pasipo hata kutaka kusikia sauti ya mwenye nyumba, huyo ameingia kwa miguu yake, na hana budi kumtafuta aliyempa fedha. Sheria yamruhusu kumdai fidia mtu aliyejidai kuwa wakala na hali sio. Ni haki kamili iliyoandikwa vizuri, ila mdaiwa wake kwa kawaida hana anwani.

Wanazuoni wa fiqhi waliijadili masala hii karne nyingi kabla ya mahakama za London, na ajabu ni kuona jinsi walivyogawanyika katika palepale tunapogawanyika sisi. Mtu afanyaye biashara katika mali ya mwenzake pasipo kutumwa wao walimwita fudhuli. Wafuasi wa Abu Hanifa na wa Malik husema mauzo yake hayabatiliki papo hapo, bali husimama yakingoja ijaza, yaani ridhaa, ya mwenye mali. Mashafi, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa pwani yetu, katika kauli wanayoifuata husema ni batili tangu mwanzo. Wanaoruhusu hutoa ushahidi wa habari ya Urwa al-Bariqi, iliyopokewa na Bukhari, ambaye Mtume alimpa dinari moja amnunulie mnyama mmoja, naye kwa dinari hiyo akanunua wawili, mmoja akamwuza kwa dinari, kisha akarejea na mnyama na dinari vilevile, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake.

Sheria yetu ya Mikataba, bila ya kuwataja Hanafi, imeshika njia iliyo jirani na yao: tendo lililofanywa pasipo idhini laweza kuridhiwa baadaye, kwa kauli au kwa vitendo, likawa kana kwamba liliagizwa tangu awali. Ila imeweka mipaka miwili ambayo ningependa kila mwenye nyumba aijue. Wa kwanza ni kwamba ridhaa haisihi ikiwa aliyeitoa hakuujua ukweli wa jambo lenyewe. Wa pili, ambao ndio unaosahauliwa, ni kwamba hapana kuridhia nusu. Mwenye nyumba aliyepokea kodi iliyoletwa na dalali, akijua ni kodi ya nani na imelipwa kwa mapatano gani, ameyaridhia mapatano yote, pamoja na sharti lile asilolipenda, mathalan kwamba mpangaji ataweka genge la mboga uani au ataishi na jamaa zake sita. Wapo wadhanio ya kuwa waweza kuila kodi na kuyakana maneno ya dalali. Sheria haiwapi nafasi hiyo, na mpangaji mwenye kuijua hana haja ya kutetemeka atolewapo vyombo nje.

Nirudi kwa Urwa, maana habari yake ina upande mwingine usiosomwa sana. Ni kweli aliuvuka mpaka wa agizo, lakini faida yote iliyopatikana aliirejesha kwa aliyemtuma, na hakuficha kitu. Hapo ndipo anapoachana na desturi yetu ya "cha juu." Mwenye nyumba husema, tuseme, kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, dalali humwambia mpangaji 350,000, akapokea ya miezi sita, akapeleka kwa mwenye nyumba 1,800,000 na kutia 300,000 zilizozidi katika mfuko wake, na juu ya hayo mpangaji akamlipa ujira wa udalali ulio sawa na kodi ya mwezi mmoja. Katika mauzo ya viwanja cha juu huhesabika kwa mamilioni. Watu wamekwisha kuzoea jambo hili hata hulitaja bila ya haya, kana kwamba ni ada ya kazi. Na madalali wenyewe huliona kuwa ni akili ya biashara, kwa hoja kwamba mwenye nyumba amepata alichokitaka na mpangaji amelipa alichokikubali, basi aliyedhulumiwa yuko wapi?

Aliyedhulumiwa ni aliyetuma. Sheria yasema wakala akifanya biashara kwa manufaa yake mwenyewe ndani ya kazi ya uwakala, pasipo aliyemtuma kujua, faida ile ni ya aliyemtuma, naye ana haki ya kuidai. Na yasema tena kwamba wakala aliyefanya hiyana katika kazi hastahili ujira wa sehemu ile aliyoifanyia hiyana. Wale wasiosadiki kuwa mahakama hulichukulia jambo hili kwa uzito na watazame kesi ya Andrews dhidi ya Ramsay ya mwaka 1903. Madalali waliouza mali ya mteja wao walipokea kwa siri kutoka kwa mnunuzi pauni 20, ilhali mteja alikuwa ameafikiana nao ujira wa pauni 50. Pauni 20 ziligunduliwa na kurejeshwa. Lakini mahakama haikuridhika na hilo tu, bali iliwaamuru warejeshe na zile pauni 50, kwa kuwa mtu asiyekuwa mwaminifu katika uwakala wake hakuifanya kazi aliyoahidiwa ujira kwa ajili yake. Lau hukumu kama hii ingetolewa mara moja tu na kutangazwa katika vijiwe vya Sinza na Kinondoni, cha juu kingepungua kimo chake.

Hata hivyo, sitaki kuwapachika madalali kosa lote, maana wao wameingia katika soko walilolikuta limepinda. Mwenye nyumba humtuma dalali lakini hamlipi. Mlipaji ni mpangaji, kwa ada ile ya kodi ya mwezi mmoja, na pengine pamoja na fedha ya kuzungushwa, inayolipwa hata kama nyumba haikupatikana. Matokeo yake ni kwamba dalali huwa na mabwana wawili wenye maslahi yanayopingana, mmoja ataka kodi ipande na mwingine ataka ishuke, na kwa kuwa hawezi kuwatumikia wote kwa uaminifu, huchagua kujitumikia mwenyewe. Si kwamba sheria humhesabu mlipaji kuwa ndiye mtumaji siku zote; mtu aweza kulipwa na mmoja akawa wakala wa mwingine, mradi mambo yawe wazi. Lakini desturi hii imezaa kiza, na katika kiza hicho mpangaji hudhani dalali anamtetea, mwenye nyumba hudhani vivyo hivyo, na wote wawili wamekosea.

Nchi nyingine zimelikata fundo hili kwa sheria. Ujerumani, tangu tarehe 1 Juni 2015, mwenye kumwagiza dalali wa nyumba ya kupanga ndiye amlipaye, na mpangaji hatakiwi kulipa ujira wa dalali ambaye hakumwagiza yeye. Uingereza yenyewe, tangu tarehe 1 Juni 2019, imepiga marufuku ada nyingi zilizokuwa zikitozwa wapangaji, na ikaiwekea kikomo dhamana inayolipwa na mpangaji, kisizidi kodi ya majuma matano kwa nyumba zilizo nyingi. Wapo waliosema wenye nyumba wangezihamishia gharama hizo katika kodi, na huenda baadhi yao walifanya hivyo. Lakini hata ikiwa ni hivyo, lipo jambo moja lililopatikana, nalo ni kwamba mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua, na mwenye nyumba achaguaye dalali kwa fedha yake hupima uaminifu wa mtu kabla ya kumpa funguo zake, jambo ambalo mpangaji mgeni wa mji, mwenye siku tatu za kutafuta pa kulala, hana nafasi ya kulifanya.

Kuna mlango mwingine wa masala hii ambao hufunguka kwa msiba. Nyumba nyingi za miji yetu ni za watu walio mbali, wengine Muscat au Dubai, wengine London au Toronto, wengine wamerudi tu vijijini kwao kwa uzee. Na nyumba zao zaangaliwa na dalali au na jamaa aliyegeuka dalali, mara nyingine kwa hati ya uwakili iliyoandikwa na wakili wa sheria, mara nyingi kwa kauli tu. Mwenye nyumba akifa, uwakala umekoma. Hati nzuri namna gani, yenye muhuri na sahihi za mashahidi, haiishi baada ya pumzi ya aliyeitia sahihi, wala wosia wa kwamba fulani aendelee kusimamia haumfanyi fulani kuwa wakala wa marehemu. Mwenye haki ya kusimamia sasa ni yule atakayeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Lakini sheria, kwa hekima yake, haikuwaacha wasio na habari: kukoma kwa uwakala hakumpati wakala mpaka alijue, wala hakuwapati watu wengine mpaka walijue wao. Mpangaji aliyelipa kodi mwezi wa Machi kwa dalali wa siku zote, pasipo kujua kuwa mwenye nyumba alifariki Muscat mwezi wa Februari, amelipa sawasawa. Aliyelipa mwezi wa Aprili baada ya kuhudhuria hitima ya marehemu hapo hapo uani, huyo amelipa kwa hatari yake, na warithi waweza kumdai mara ya pili. Nimetaja miezi kwa mfano tu, lakini migogoro ya namna hii si ya mfano. Ni mingi, na ndugu wa tumbo moja wamekwisha kununiana kwa sababu hakuna aliyejua ni lini hasa mkono wa dalali uliacha kuwa mkono wa baba yao.

Watu wengi, wakiambiwa haya, hujibu kwamba dawa ni usajili. Kenya ilitunga Sheria ya Mawakala wa Nyumba mwaka 1984, ikaunda bodi ya kuwasajili, ikamkataza asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo. Tanzania Bara imekaa miaka mingi bila ya sheria mahsusi kama hiyo, na wanaoidai wana haki kuidai. Usajili ni jambo jema, kwa kuwa unampa dalali anwani, na mtu mwenye anwani huona haya. Lakini cheti cha bodi chaeleza tu kwamba mtu huyu aruhusiwa kufanya udalali. Hakielezi kwamba ametumwa na mwenye nyumba hii, wala kwamba ametumwa kupokea fedha. Vivyo hivyo muhuri wa serikali ya mtaa, ambao watu wetu huuamini kuliko katiba. Mwenyekiti wa mtaa aushuhudiapo mkataba, ameshuhudia kwamba watu wawili walikuja mbele yake wakatia sahihi. Kama mmoja wao alikuwa na idhini ya kuuza au kupangisha, hilo hakuulizwa, na pengine hakuuliza.

Kinachohitajika ni kitu kidogo kuliko bodi: waraka wa idhini, ukurasa mmoja, wenye jina la mwenye nyumba na namba yake ya simu, jina la dalali, kiasi cha kodi kwa tarakimu na kwa maneno, kauli iliyo wazi kama dalali aweza kutia sahihi mkataba au la, kama aweza kupokea fedha au zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya mwenye nyumba, ujira wake ni kiasi gani na nani ataulipa hata kama pande mbili zitakutana bila ya yeye, na tarehe ambayo idhini itakoma. Waraka kama huo ungemwondolea dalali hofu ya kurukwa, kwa kuwa ujira wake umeandikwa. Ungekiua cha juu, kwa kuwa bei imeonekana. Na ungempa mpangaji jawabu la swali lile asiloliuliza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mikataba ya kuhamisha haki ya ardhi iwe ya maandishi, na wanunuzi wa viwanja wamekwisha kujifunza hilo kwa machozi. Lakini pango la mwaka mmoja au pungufu laweza kufungwa hata kwa mdomo, na kwa kuwa vyumba vyetu vingi hupangishwa kwa miezi, huko ndiko ulimi wa dalali unakotawala bila ya mpinzani.

Watakaoupinga waraka huu, nadhani, hawatakuwa madalali. Watakuwa wenye nyumba, na sababu yao haitasemwa hadharani: karatasi iliyo na jina, kodi na sahihi ni ushahidi wa mapato, na mapato ya pango hutozwa kodi ya serikali, Tanzania na Kenya pia. Ukimya wa mwenye nyumba, unaoitwa kukwepa usumbufu, kwa wengi ni hesabu. Ndiyo maana sidhani kwamba kuwasihi kutatosha, na ningependelea Bunge litunge kanuni moja fupi, kwamba mwenye nyumba aliyempa mtu ufunguo wa nyumba anayoipangisha, pasipo waraka wa kuonyesha mpaka wa idhini, yeye ndiye atakayetwishwa mzigo wa kuthibitisha mahakamani ya kuwa mtu yule hakuruhusiwa kupokea fedha. Ufunguo hautageuka kuwa idhini kwa kanuni hiyo. Ila aliyeutoa atalazimika kueleza aliutoa kwa kazi gani.